Mapito ya Milima ya Rasi: Njia za Pofu, Maksai na Wafungwa

Nyuma ya Cape Town, kusini-magharibi mwa Afrika Kusini, safu za milima zimeitenga pwani na bara. Wanajiolojia huziita Milima ya Mikunjo ya Rasi. Sehemu kubwa ya mwamba wake ni mchanga wa kale ulioshupaa ukawa jiwe gumu. Tabaka zake zilikunjwa na nguvu za ardhi zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, na mikunjo hiyo huonekana waziwazi kwenye kuta za makorongo. Upande wa magharibi safu hizi zinaelekea kaskazini. Upande wa kusini zinakwenda sambamba na bahari: Langeberg na Outeniqua karibu na pwani, na nyuma yao Swartberg, ambayo vilele vyake vinapita mita 2,000. Kati ya Outeniqua na Swartberg kuna bonde kavu la Karoo Ndogo. Ng'ambo ya Swartberg huanza Karoo Kuu, nyika ya kondoo na vichaka vifupi isiyo na mwisho wa kuonekana.

Milima hii haikuacha milango mingi. Mito michache imekata makorongo kuanzia upande mmoja hadi mwingine, na penginepo kuna mapengo ya chini kati ya vilele ambayo mnyama au mtu anaweza kuyafikia bila kukwea genge. Waendesha baiskeli na watembea kwa miguu wanaokwenda huko leo kwa ajili ya mandhari hupita katika mapengo hayohayo. Barabara wanazozifuata hazikujengwa kwa ajili ya matembezi. Zilipimwa kwa nguvu za maksai, na nyingi zilichongwa kwa mikono ya wafungwa.

Waliotangulia kuchagua njia ni wanyama. Makundi ya pofu, swala mkubwa kuliko wote, yalihama kufuata majani, na kwato zao zilikanyaga njia katika sehemu ambazo mteremko ni mpole zaidi. Tembo nao walikuwa na njia yao juu ya bonde ambalo leo ni mji wa Franschhoek, na wahamiaji wa Kizungu wa mwanzo waliliita bonde hilo kwa jina la tembo. Wakhoikhoi, wafugaji wa ng'ombe na kondoo walioishi Rasi kabla ya Wazungu, walizifuata njia hizo na mifugo yao. Pito la Hottentots Holland, mashariki ya Cape Town, waliliita Gantouw, yaani njia ya pofu. Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki ilipoweka kituo chini ya Jan van Riebeeck mwaka 1652, watu wake hawakugundua pito lolote. Walionyeshwa, au walifuata nyayo. Mwaka 1689 msafara wa Isaq Schrijver uliotumwa kununua mifugo kwa Wainqua ulivuka milima kupitia Attaquaskloof, njia nyingine iliyokuwa imekanyagwa muda mrefu kabla ya gurudumu la kwanza kufika.

Gurudumu ndilo lililobadilisha mambo. Njia inayomtosha mnyama mwenye miguu minne haimtoshi mkulima mwenye gari zito la kukokotwa na maksai, lililobeba nafaka, siagi, ngozi na sabuni kwenda kuuzwa Cape Town. Katika Gantouw magari yalipanda mwamba mtupu. Mwenye gari aliunganisha maksai wake na wa jirani, wakavuta pamoja huku watu wakisukuma kwa nyuma na kuweka mawe chini ya magurudumu yasirudi. Kushuka kulikuwa kubaya zaidi. Gurudumu la nyuma lilifungwa lisizunguke, likawekewa chini yake kipande cha mti au chuma, na gari likaburuzwa kuteremka. Chuma hicho na mikanda ya magurudumu vilikwaruza mwamba mwaka baada ya mwaka hadi vikachimba mifereji miwili. Mifereji hiyo bado ipo, na mtu akiinama anaweza kuweka mkono mzima ndani yake. Kufikia mwaka 1821 inakadiriwa kuwa magari 4,500 yalikuwa yakipita hapo kila mwaka, na zaidi ya moja katika kila matano liliharibika njiani.

Utawala ulikuwa umeshahamia mikononi mwa Waingereza, na serikali yao ndiyo iliyoanza kujenga mapito kwa ufundi wa kihandisi. Pito la Franschhoek lilitangulia. Mkulima aitwaye Cats alifungua njia hapo mwaka 1819, na mwaka 1825 ikakamilika barabara mpya iliyojengwa kwa agizo la gavana Lord Charles Somerset, ikitumia askari wa Royal African Corps. Daraja lake dogo la mawe, Jan Joubertsgat, linatajwa kuwa la zamani kuliko madaraja yote ya mawe ambayo bado yanatumika nchini humo.

Gavana aliyefuata, Sir Galbraith Lowry Cole, aliamua kuiondoa adha ya Gantouw. Aliyechora njia mpya ni mpima ardhi mkuu wa koloni, Charles Michell, aliyekuwa ameyaona mapigano na milima ya Ureno kama afisa wa mizinga. Cole alianza kazi bila kusubiri kibali cha London, na wakubwa wake hawakufurahi. Barabara ilifunguliwa mwaka 1830 na ikaitwa Sir Lowry's Pass. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaweza kulitambua jina hilo la Cole: ni ukoo huohuo wa Kiairish wa Enniskillen uliowatoa Berkeley na Galbraith Cole, walowezi waliojulikana sana Kenya mwanzoni mwa karne ya 20.

Hata hivyo, pito moja halikutosha, na swali gumu lilikuwa nani atabeba mawe. Watumwa wa Rasi, ambao wengi wao au wazazi wao walitolewa Msumbiji, Madagaska, India na visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, waliachwa huru kisheria mwaka 1834, ingawa walilazimishwa kuwatumikia mabwana wao miaka minne zaidi kwa jina la uanagenzi. Baada ya mwaka 1838 kazi ya bure haikupatikana tena kwa njia hiyo. Mwaka 1843 aliwasili katibu mpya wa koloni, John Montagu, akitokea Van Diemen's Land, kisiwa ambacho leo ni Tasmania. Huko alikuwa amejifunza namna koloni zima linavyoweza kujengwa na wafungwa. Mwaka huohuo iliundwa Bodi Kuu ya Barabara, na wafungwa waliokuwa wakikaa Robben Island na katika jela za wilaya wakaanza kupelekwa milimani.

Mfumo wa Montagu ulikuwa na ngazi. Mfungwa mpya alianza akiwa katika kikosi cha minyororo. Akionyesha mwenendo mwema alihamishiwa kikosi kisichofungwa minyororo, akapewa ujira mdogo, na kifungo chake kingeweza kupunguzwa. Kulikuwa na mafundisho ya dini na masomo ya kusoma na kuandika. Kwa zama zile mpango huo ulisifiwa kuwa wa kiutu, na ukilinganishwa na jela za kawaida sifa hiyo haikuwa ya bure. Lakini ni lazima iulizwe wafungwa hao walitoka wapi. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1841 iliruhusu mtumishi aliyevunja mkataba au kuondoka kazini afungwe jela, na mtu aliyepoteza malisho yake kwa walowezi akakamata kondoo mmoja alihesabiwa kuwa mwizi. Kwa hiyo miongoni mwa waliovunja mawe walikuwamo watu ambao kosa lao lilikuwa kukataa kazi ya shambani, na adhabu yao ikawa kazi ngumu zaidi ya hiyo.

Wakoloni wenyewe walikuwa na msimamo wa ajabu kuhusu jambo hili. Mwaka 1849 London ilipowaletea wafungwa kutoka ng'ambo kwa meli ya Neptune, watu wa Cape Town waligoma kuiuzia serikali na meli chakula, na baada ya miezi kadhaa ya mvutano meli hiyo ikalazimika kuondoka na wafungwa wake kuelekea Van Diemen's Land. Barabara kuu ya Cape Town ikapewa jina la Adderley, mbunge wa Uingereza aliyewaunga mkono. Wakati huohuo wafungwa wa hapo Rasi waliendelea kulipua miamba milimani, wala hapakuwa na mgomo kwa ajili yao.

Pito la kwanza kubwa la bodi hiyo lilikuwa katika milima ya Outeniqua, juu ya mji wa George. Hapo palikuwa na njia ya mwaka 1812 hivi iliyoitwa Cradock Pass, mbaya kiasi kwamba gari lingeweza kuchukua siku tatu kuvuka. Mpima ardhi Henry Fancourt White alijenga barabara mpya kati ya mwaka 1844 na 1847, akiwa na wafungwa wapatao 250, na ikapewa jina la Montagu. Barabara hiyo bado ni ya changarawe, bado ni nyembamba, na nyumba ya mawe ambamo ushuru ulilipwa bado imesimama chini yake upande wa George. Njia ya zamani ya Cradock nayo haikufutika. Imekuwa njia ya kutembea kwa miguu. Anayeipanda anaona waziwazi kwa nini White aliiacha, kwa kuwa inakwea moja kwa moja bila kuzunguka, na magoti yake humweleza kile ambacho maksai hawakuweza kukisema.

Kutoka hapo historia ya mapito ya Rasi inakuwa kwa kiasi kikubwa historia ya baba na mwana. Andrew Geddes Bain alizaliwa Thurso, kaskazini kabisa mwa Scotland, mwaka 1797. Alifika Rasi mwaka 1816, akafanya kazi ya kutengeneza matandiko ya farasi huko Graaff-Reinet, akafanya biashara na safari za bara. Uhandisi hakuusomea, aliujua kwa kuufanya, kwanza kama msimamizi wa barabara za kijeshi upande wa mashariki. Kuvunja miamba kulimfanya aichunguze, akaanza kukusanya visukuku vya wanyama wa kale wa Karoo waliokuwa na meno mawili makubwa, na mwaka 1856 ramani yake ya jiolojia ya Afrika Kusini ilichapishwa, ya kwanza ya aina yake. Kati ya mwaka 1846 na 1848 alijenga Michell's Pass kuelekea Ceres, mahali ambapo njia ya awali ilivuka mto mara kwa mara. Akiwa kazini hapo aliona uwazi katika milima upande wa Wellington. Uwazi huo ukawa Bain's Kloof, iliyofunguliwa mwaka 1853: barabara ya kilomita 30 hivi inayopanda kutoka mashambani, inafika mita 595 juu ya usawa wa bahari, kisha inashuka ikiambaa juu ya mto Witte. Sehemu moja mwamba umeachwa ukining'inia juu ya barabara, na mwendesha baiskeli mrefu hawezi kujizuia kuinamisha kichwa ingawa nafasi inatosha.

Mapito hayo mawili ndiyo yaliyobeba msongamano wa watu baada ya almasi kupatikana mwaka 1867, wakati kila mwenye gari na tamaa alipoelekea kaskazini. Reli ilipofika Kimberley mwaka 1885, magari ya maksai yakatoweka katika njia hizo kwa muda mfupi sana.

Mwana wa Bain, Thomas, alizaliwa mwaka 1830 na kuanza kama msaidizi wa baba yake katika Michell's Pass. Kabla ya kufa kwake mwaka 1893 alikuwa amejenga au kusimamia mapito zaidi ya 20, idadi ambayo hakuna mhandisi mwingine wa Rasi aliyeikaribia. Meiringspoort, iliyofunguliwa mwaka 1858, inapita ndani ya korongo na kuvuka mto uleule mara 25. Seweweekspoort ilifuata mwaka 1862, chini ya kilele kirefu kuliko vyote vya Swartberg. Kati ya Knysna na bonde la Langkloof alijenga Prince Alfred's Pass, iliyokamilika mwaka 1867, kilomita karibu 70 zinazoanzia kwenye msitu mzito wenye giza mchana na kuishia kwenye vichaka vikavu. Yako pia Robinson, Tradouw, Garcia na Cogmans Kloof, ambayo ina tundu fupi lililotobolewa mwambani.

Namna yake ya kujenga inaonekana vizuri zaidi kwa mtu anayekwenda polepole. Mwamba mkubwa uliokaa njiani uliwashiwa moto mkali wa kuni hadi ukapata joto, kisha ukamwagiwa maji baridi ukapasuka. Uliokataa ulitobolewa kwa patasi na nyundo, ukajazwa baruti. Vipande vilivyopatikana havikutupwa. Vilichongwa na kupangwa kuwa ukuta wa kushikilia barabara upande wa bondeni, bila chokaa wala saruji, kila jiwe likikaa juu ya mengine na ukuta mzima ukiegemea mlima. Mianya midogo ilizibwa kwa vijiwe. Kwa kuwa hakuna saruji, maji ya mvua hupenya na kutoka bila kuusukuma ukuta, na mlima ukitikisika kidogo mawe hujipanga upya. Kuta hizo zimedumu zaidi ya karne, zikibeba magari ambayo aliyezipanga hakuwahi kuyawaza.

Kazi yake iliyo bora kuliko zote ni Swartberg Pass. Meiringspoort na Seweweekspoort, kwa kuwa zinapita mtoni, zilikuwa zikifungwa na mafuriko, na wakulima wa Prince Albert waliotaka kupeleka sufu yao pwani walidai njia ya juu. Kazi alipewa kwanza mkandarasi John Tassie, aliyeleta zaidi ya wafanyakazi mia moja kutoka Ghuba ya Delagoa, eneo la Maputo ya leo. Walikuta baridi kali, miamba migumu na mkandarasi asiye na fedha. Tassie alifilisika baada ya kujenga kilomita chache tu, na mwaka 1883 Thomas Bain akachukua kazi hiyo na wafungwa zaidi ya 200. Walikaa mlimani miaka minne. Magofu ya vituo vyao bado yako kando ya barabara, na anayelala karibu nayo mwezi wa Julai, theluji inapofunika vilele, hahitaji kuelezwa kifungo hicho kilikuwaje. Barabara ilifunguliwa rasmi tarehe 10 Januari 1888. Inapanda hadi karibu mita 1,580.

Upande wa Prince Albert ndio wa kutazamwa. Barabara inaingia katika korongo ambalo tabaka za mwamba mwekundu zimesimama wima, zimelala, na pengine zimepinda mara mbili katika ukuta mmoja. Kisha inaanza kukwea kwa kona kali, na kila kona imebebwa na ukuta wa mawe. Anayepanda kwa baiskeli huziona kuta zile zikiwa juu yake, ngazi moja baada ya nyingine, kabla hajafika kuzikanyaga. Huko juu mbuzi mawe husimama kwenye ncha za miamba, na upepo wa Karoo Kuu huanza kusikika.

Karibu na kilele njia inachepuka kuelekea magharibi hadi Gamkaskloof, bonde lililofungwa ambamo familia za wakulima ziliishi tangu miaka ya 1830 bila barabara. Walitoka kwa miguu na punda, upande wa magharibi kwa njia ya kukwea inayoitwa Die Leer. Barabara ilipofika mwaka 1962 vijana waliitumia kuondoka, na baada ya miaka michache bonde likawa karibu tupu. Leo ni hifadhi, na barabara iliyolimaliza kama makazi ndiyo inayowaleta wageni.

Karne ya 20 ilileta lami. Pito la Du Toitskloof lilikamilika mwaka 1949 na jipya la Outeniqua mwaka 1951, yote mawili yakianzwa na mateka wa vita wa Kiitalia, na mwaka 1988 likafunguliwa handaki la Huguenot lenye urefu wa karibu kilomita 4. Mapito ya zamani yaliyopanuliwa, kama Sir Lowry's, yalipoteza sura yake. Yaliyopewa mbadala yalinusurika. Ndiyo sababu Montagu, Prince Alfred's, Seweweekspoort na Swartberg bado ni za changarawe. Montagu Pass ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1972 na Swartberg Pass mwaka 1988, ilipotimiza miaka 100. Mwaka 2004 milima mingi ya eneo hilo iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO kwa ajili ya mimea yake, jamii ya fynbos, ambayo spishi zake nyingi hazipatikani penginepo.

Kupungua kwa magari kuliwaachia nafasi wanaokwenda polepole. Mteremko uliopimwa ili maksai kumi na sita wauweze unamfaa pia mtu mwenye baiskeli: ni mrefu, unachosha, lakini mara chache unamvunja. Mbio za baiskeli za milimani zinapita katika njia hizi kila mwaka, zikiwemo za Attakwas zinazofuata njia ileile ya Schrijver. Katika mbio za Cape Epic, zilizoanza mwaka 2004, washindani wanaopitishwa Gantouw hutakiwa kushuka na kutembea, ili mwamba wenye mifereji usiharibiwe.

Mapito haya yanaitwa kwa majina ya magavana, makatibu na wahandisi. Wafungwa walioyajenga hawakupewa hata kona moja. Kazi yao ni zile kuta, na kuta zisizo na saruji zina udhaifu mmoja: jiwe likitolewa chini, yaliyo juu yake hulegea, na mvua ya msimu mmoja humalizia. Kwa hiyo anayepumzika kando ya barabara ya Swartberg au Montagu, awe amefika kwa miguu au kwa baiskeli, asiondoe jiwe hata moja.